Namba ya Siri, Kidole na Kufuli Tatu za Kikoba

Matini ya mazungumzo kwa wananchi wa Kilosa na Mikumi kuhusu usalama wa huduma za fedha kwa simu na intaneti



Katika vikundi vingi vya kuweka na kukopa, sanduku la fedha hufungwa kwa kufuli tatu. Funguo hutunzwa na wanachama watatu wa nyumba tatu tofauti, na sanduku lenyewe hulala kwa mtu wa nne asiye na ufunguo hata mmoja. Siku ya mkutano mmoja wao akichelewa, kikundi kizima hukaa chini ya mwembe kikimngoja. Watu hunung'unika, wengine hutazama jua, lakini ni nadra kumsikia mwanachama akipendekeza kwamba funguo zote tatu akabidhiwe mtu mmoja ili kazi iende haraka.

Watu hao hao, wakiondoka mkutanoni na kusimama mbele ya kibanda cha wakala au kufungua menyu ya benki katika simu, huchoka upesi. Namba ya siri inatakiwa, kisha inatakiwa tena. Jina la mpokeaji lithibitishwe. Kwa anayetumia programu ya benki katika simu janja, namba nyingine ya uhakiki huingia kwa ujumbe mfupi, nayo hufa baada ya dakika chache ikiwa mtandao umechelewa kuileta. Akikosea mara tatu hufungiwa, na kufunguliwa ni safari. Manung'uniko haya yana haki yake. Tofauti ya kufuli za sanduku na kufuli za benki ni kwamba zile za sanduku wanachama walikaa wakakubaliana, na kila mmoja anajua kila kufuli inamzuia nani. Za benki zilifika zimekwisha kutengenezwa, bila maelezo.

Hivyo basi, ni vyema kuzieleza.

Huduma ya kutuma fedha kwa simu ilipoanza nchini mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya M-Pesa kuzinduliwa Kenya, ulinzi ulikuwa laini ya simu na namba ya siri ya tarakimu nne. Kwa wakati ule ilitosha, kwa kuwa fedha zilizopita humo zilikuwa chache: nauli ya mwanafunzi, matumizi ya nyumbani kutoka Dar es Salaam. Leo mkulima wa miwa wa Ruhembe, mfanyabiashara wa mpunga wa Kimamba na mwenye nyumba ya wageni Mikumi wote hupitishia humo mtaji wa msimu mzima. Mwizi naye hufuata mahali fedha zilipo. Kila hatua iliyoongezwa tangu wakati ule ilifuata aina fulani ya wizi uliokwisha kutokea, na anayejua wizi huo huivumilia hatua hiyo kwa urahisi zaidi.

Hatua ya kuonesha jina la mpokeaji ndiyo mfano ulio wazi kuliko yote. Mtumaji akiandika namba na kiasi, simu humwonesha jina lililosajiliwa kwa laini ile kabla ya kumtaka athibitishe. Hii ni hatua nzuri mno. Uingereza, pamoja na ukongwe wa mabenki yake, benki kubwa zilianza kumhakikishia mtumaji jina la mpokeaji mwaka 2020. Matapeli wa Tanzania waliitambua nguvu ya hatua hii mapema, wakaitafutia dawa. Dawa yenyewe ni ule ujumbe ambao karibu kila mwenye simu amewahi kuupokea: ile hela itume kwenye namba hii, jina litatokea la fulani.

Ujumbe huo unastahili kusomwa polepole, maana umetungwa na mtu anayeijua kazi yake. Neno «ile» linadai kwamba mazungumzo yalikuwapo tangu awali. Hautaji mtumaji wala sababu, kwa hiyo unamfaa mwenye kodi ya nyumba, mwenye deni la mbolea na mzazi aliyeahidi ada. Kati ya maelfu wanaoupokea, wachache watakuwa kweli wanangoja kumtumia mtu fedha saa ile ile. Kisha yanakuja maneno mawili ya mwisho, jina litatokea. Tapeli anajua kwamba simu itamwonesha mtumaji jina geni. Badala ya kulificha, analitangaza kabla. Hivyo jina lile likitokea, kile kilichowekwa kuwa onyo kinageuka kuwa uthibitisho: «Naam, ni lile lile aliloniambia.» Hatua ya usalama imefanya kazi yake kikamilifu na fedha zimekwenda.

Kinachojifunzwa hapo ni kwamba hatua humlinda anayejua inauliza nini. Jina linapotokea, swali lililo mbele ya mtumaji ni kama anamfahamu mtu huyu na alikusudia kumpa fedha. Kulingana kwa jina na ujumbe uliofika hakuthibitishi chochote, kwa kuwa vyote viwili vimetoka kwa mtu mmoja. Aliyepokea ujumbe wa namna hiyo na ana shaka kwamba kweli ni mwenye nyumba wake, ampigie mwenye nyumba kwa namba aliyokuwa nayo siku zote. Namba iliyotuma ujumbe wa utapeli hupelekwa kwa ujumbe mfupi kwenda 15040, utaratibu uliowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ili laini za namna hiyo zifuatiliwe na kufungwa.

Namba ya uhakiki inayotumika mara moja ina mantiki tofauti kidogo. Benki huituma katika laini ya mteja kwa sababu inachukulia kwamba mwizi anaweza kuwa amekwisha kuipata namba ya siri, lakini hana simu ya mteja mkononi. Ni kufuli ya pili, na ufunguo wake uko nyumba nyingine. Kwa hiyo anayeingiliwa na namba hiyo bila kuiomba amepewa habari nzito: kuna mtu, wakati huo huo, anagonga mlango wa akaunti yake na amebakiza kufuli moja. Dakika chache baadaye simu huita. Sauti ni ya upole, inamwita mzee kwa heshima zote: «Shikamoo mzee wangu, hapa ni huduma kwa wateja, kuna namba imeingia kwako kwa makosa, naomba unisomee tuirekebishe.» Benki iliyotengeneza namba ile haina haja ya kusomewa. Namba ya huduma kwa wateja ya kampuni za simu nchini ni 100, na mteja mwenye wasiwasi hukata simu na kuipiga mwenyewe.

Wizi mwingine hauhitaji kusomewa kitu, maana mwizi huihamisha laini yenyewe. Hujifanya mwenye laini iliyopotea, akapewa kadi mpya yenye namba ile ile, na tangu hapo ujumbe wote wa benki huingia kwake. Dalili yake ni simu kukosa mtandao ghafla mahali ambapo simu za wengine zinapata. Vijijini dalili hii hupotea kirahisi, kwa kuwa kukosa mtandao ni jambo la kila siku katika baadhi ya mabonde ya Ukaguru na Rubeho. Ni kwa ajili ya wizi huu kwamba anayerudisha laini huombwa alama ya kidole.

Na hapo ndipo hadithi ya kidole inapoanza kuwa ngumu.

Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza Mei 2019. Mwisho ulipangwa kuwa tarehe 31 Desemba mwaka huo, ukasogezwa kwa siku ishirini hadi tarehe 20 Januari 2020, baada ya hapo laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Sharti lilikuwa kitambulisho au namba ya NIDA. Waliokuwa bado hawajaipata walitafuta njia, na njia iliyo karibu ilikuwa ndugu. Mama akasajiliwa laini kwa namba ya mwanawe, babu kwa namba ya mjukuu. Simu haikuzimwa na maisha yakaendelea. Matatizo huja baadaye: mama anataka kuunganisha laini na akaunti yake ya benki na majina hayafanani, au simu imepotea na laini hairudishwi mpaka kidole cha kijana, ambaye sasa anaendesha pikipiki Mbeya, kipatikane. Kisheria laini ni ya kijana. Fedha zilizomo ni za mama. Mwenye laini ya namna hii ambaye sasa amepata namba yake ya NIDA hana sababu ya kungoja siku ya msiba au ugonjwa ndipo ahangaike. Aende na huyo ndugu katika duka la kampuni ya simu, umiliki ubadilishwe.

Upande wa pili wa jambo hilo hilo ni laini zilizosajiliwa kwa jina la mtu bila yeye kujua. Msajili asiye mwaminifu humwambia mteja, hasa mzee, kwamba mtandao umegoma na aweke kidole tena. Mara ya kwanza ilikuwa imekubali. Kidole cha pili kimesajili laini nyingine, na laini hiyo itauzwa kwa mtu anayetunga ule ujumbe wa «ile hela». Ndiyo maana jina linalotokea katika utapeli mara nyingi si la tapeli, ni la mtu asiye na habari, na polisi wakilifuata wanaweza kumkuta bibi anapepeta mchele. Kila mwenye namba ya NIDA anaweza kubonyeza nyota 106 reli, kisha kuangalia laini zilizosajiliwa kwa jina lake. Huduma hiyo hupatikana hata kwa kitochi. Asiyoitambua, aende akaifute.

Pamoja na hayo yote, kuna watu ambao hatua hizi zinawaelemea kweli, na kuwaambia tu wawe makini ni kuwakwepa. Mikono iliyoshika jembe kwa miaka arobaini hufutika mistari, na mashine haiisomi. Macho yaliyopungua nguvu hayasomi menyu kabla haijakatika yenyewe. Nyumba nyingi zina simu moja kwa watu watano. Asiyejua kusoma hana namna ya kulihakiki jina lililotokea. Watu wa namna hii hawaachi kutumia huduma, kwa kuwa matumizi kutoka kwa watoto huja kwa simu. Wanachofanya ni kumpa mtu namba ya siri: mjukuu, jirani, au wakala mwenyewe, ambaye huitaja kwa sauti mbele ya foleni.

Hili ndilo tundu kubwa kuliko yote. Benki imeweka kufuli tatu. Uzito wa kuzifungua umemfanya mwenye sanduku akabidhi funguo zote tatu kwa mtu mmoja, jambo ambalo kikoba kisingelikubali. Na wizi ukitokea hapo, mteja ndiye atakayeambiwa amevunja masharti, kwa kuwa kweli masharti yanakataza kumpa mtu namba ya siri. Hatua isiyobebeka haiongezi usalama wa mtu. Inauhamishia uaminifu wake kwa yeyote aliye karibu. Wajukuu wengi ni waaminifu, na hilo lisemwe wazi. Lakini mfumo wa fedha hautakiwi kutegemea malezi ya mjukuu.

Wanaotoa huduma wanaweza kufanya mengi hapa bila kuondoa kufuli hata moja. Menyu inaweza kusubiri zaidi kabla ya kukatika. Jina la mpokeaji linaweza kusomwa kwa sauti kwa anayelihitaji. Mwenye vidole visivyosomeka aelezwe mapema ni utaratibu gani mwingine unaomhusu, badala ya kuzungushwa kutoka dirisha hadi dirisha. Wakala anaweza kuweka ubao mdogo mbele ya meza ili mzee abonyeze mwenyewe bila foleni kumchungulia. Hilo la mwisho linahitaji vipande viwili vya mbao, na fundi wake yupo katika kila kijiji.

Familia nazo zinaweza kujipanga. Mzee akiwa lazima asaidiwe, ni heri msaidizi awe mmoja anayejulikana kwa ndugu wote, na kiasi kinachokaa katika simu kiwe cha matumizi ya siku chache tu, akiba ikabaki benki au kikundini. Namba ya siri isiwe mwaka wa kuzaliwa. Mwaka huo umeandikwa katika kitambulisho, na kitambulisho hukaa katika pochi moja na simu.

Mikumi ina shida yake inayotokana na barabara. Mji umekaa katika njia kuu iendayo Iringa na Zambia, na wateja wa vyakula, mafuta na malazi ni wapita njia: madereva wa malori, abiria wa mabasi, watalii wa hifadhi. Muuzaji hawafahamu na hatawaona tena. Malipo kwa lipa namba yamemwondolea adha ya chenji na hofu ya kulala na fedha taslimu. Yamemletea pia mteja anayeonesha katika simu yake ujumbe kwamba malipo yamefanyika, huku injini ya gari inanguruma. Ujumbe ulio katika simu ya mteja si malipo. Unaweza kuandikwa na mtu yeyote anayejua kuandika. Hata ulioingia katika simu ya muuzaji unastahili kutazamwa umetoka wapi, kwa kuwa tapeli huweza kuutuma kutoka namba ya kawaida ukiwa na maneno yote yanayotakiwa. Hatua inayokera, lakini iliyo ya lazima, ni kufungua menyu na kuangalia salio. Huchukua chini ya dakika moja. Mteja mwaminifu hangoji kwa furaha, ila hungoja. Mwenye haraka iliyopita kiasi ni wa kutazamwa mara mbili.

Kwa malipo ya Halmashauri, utaratibu ni mmoja na haukubali njia ya mkato. Leseni, ushuru, ada na tozo hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali, ile ambayo wengi huiita kontroo namba. Kuna wanaolalamika kwamba zamani ilitosha kumpa mkusanyaji fedha mkononi akaandika stakabadhi. Ilitosha, na baadhi ya stakabadhi hizo hazikuonekana tena katika hesabu. Mtu anayejitambulisha kuwa mtumishi na kumtaka mwananchi atume fedha katika namba yake binafsi, kwa maelezo kwamba mfumo uko chini, ni wa kukataliwa na kuripotiwa, hata kama ana kitambulisho shingoni.

Vikundi vinavyoomba mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani ya Halmashauri, yaani nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, hukutana na kufuli hizi kwa namna nyingine. Kikundi hutakiwa kuwa na akaunti ya benki yenye watia saini zaidi ya mmoja. Siku ya kutoa fedha wote lazima wafike, na nauli ya kutoka vijiji vya mbali si ndogo. Kishawishi cha kutia saini karatasi tupu na kumwachia katibu ni kikubwa. Wanaokishinda mara nyingi ni vikundi vilivyopanga siku za benki mapema, kama wanavyopanga siku za mkutano, na vikaweka nauli hiyo katika bajeti.

Mwenye kuibiwa asione haya. Aibu ndiyo humchelewesha, na katika mambo haya dakika zina thamani. Fedha zilizotumwa kimakosa au kwa udanganyifu zinaweza kuzuiwa zikiwa bado katika laini ya mpokeaji; zikishatolewa kwa wakala, mkono wa kampuni haufiki. Kwanza apige 100, hata kwa simu ya jirani, aombe muamala uzuiwe au laini yake ifungwe. Ikiwa akaunti ya benki imeunganishwa, apige benki pia. Kisha aende kituo cha polisi apate RB, kwa kuwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inayatambua makosa haya na kampuni huhitaji namba ya jalada ili kutoa taarifa. Ujumbe wa tapeli usifutwe kwa hasira, ni ushahidi.

Asiporidhika na majibu ya benki au kampuni, safari haijaisha. Kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha, zilizotolewa na Benki Kuu ya Tanzania mwaka 2019, zinampa haki ya kulalamika kwanza kwa mtoa huduma na kupata majibu, kisha kulifikisha lalamiko Benki Kuu. Malalamiko ya laini na usajili hupelekwa TCRA. Katika kila ofisi lalamiko huandikwa tarehe, saa ya muamala, kiasi, namba ya kumbukumbu ya muamala na jina la aliyelipokea. Asiyejua kuandika anaweza kusaidiwa na mtendaji wa kijiji au wa mtaa, na katika msaada huo mtendaji hahitaji, kwa hatua yoyote, kuijua namba ya siri.